Waliokula Kabla ya Siku ya Tano

Hofu ina adabu zake. Haivunji mlango wala haipigi kelele. Hukutangulia pale unapokwenda, ikakikalia kiti chako, na ukiingia huinuka kidogo kukupisha, kama mwenye nyumba anavyompisha mgeni asiyemtaka. Ndivyo Sikudhani alivyoikuta asubuhi ya siku ya tano katika chumba cha samaki. Alisimama kizingitini, mkono karibu na swichi, akaijua kwa harufu yake, harufu ya maji yaliyokaa mno ndani ya kioo.

Hakuwasha taa. Alibisha ubaoni kwanza, mara tatu.

"Hodi wenyewe," alisema.

Chumba kile hakikuwa na dirisha hata moja. Kilikuwa na matangi mia tatu yaliyopangwa ukutani kama vitabu, na ndani ya kila tangi waliogelea samaki wadogo wenye milia, wembamba kuliko kidole cha mtoto mchanga. Mchana wao ulitengenezwa na watu. Taa ikiwaka, kwao kumekucha. Ikizimwa, usiku umeingia, hata kama huko nje jua liko utosini. Samaki hao hutaga mayai mwanga unapowafikia tu, lakini mwanga ukiwajia bila taarifa hushtuka, wakajibamiza vichwa kwenye vioo. Kwa hiyo mtunza matangi, Mzee Mbaruku, alianzisha desturi yake: hakuna anayeleta asubuhi ndani ya chumba hiki bila kupiga hodi.

"Karibu, Daktari Jumbe," sauti ya Mbaruku ilijibu kutoka gizani.

"Ahsante," Sikudhani akaitika, akawasha taa.

Ndipo mwili ukamsisimka. Daktari Jumbe ndiye aliyefanya kazi chumbani humo kabla yake, na alikuwa kaburini mwaka wa kumi na moja sasa.

"Mzee, ni mimi. Sikudhani."

"Najua." Mbaruku alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, chujio la chai mkononi, akingoja mayai. "Ila umeingia na miguu yake. Naye siku zake za mwisho alikuwa akiiburuta hivyo hivyo. Mtu mwenye hofu huvaa miguu yoyote anayoikuta mlangoni."

"Unaanza kunitisha asubuhi asubuhi?"

"Mimi? Mimi mwosha matangi tu, binti yangu. Wa kutisha ni ninyi mliosoma."

Kwa kawaida Sikudhani angecheka. Leo alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la joto, akatoa kisahani cha kioo chenye vifaranga mia moja na ishirini wa siku tano, akakiweka chini ya hadubini, lakini hakuinama kutazama. Alijua kilichomo. Alikuwa akikitazama kwa miaka ishirini, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama nacho kilikuwa kikimtazama yeye.

Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja: moyo hujuaje pa kuanzia? Yai la samaki huyu ni tone la maji lililojifunga. Lina chembe moja, kisha mbili, kisha nne, kisha hazihesabiki, na zote zinafanana, hakuna iliyo juu ya mwenzake. Halafu, bila mtu kuamuru, baadhi yake huondoka pale zilipo, zikasafiri, zikakutana katikati, na siku ya pili asubuhi kuna kitu kinapiga. Kinapiga kabla ya kuwa na damu ya maana ya kusukuma. Kinapiga kabla ya jicho, kabla ya kinywa, kabla ya woga. Sikudhani alipokiona mara ya kwanza alikuwa msichana, akalia, akaona haya, akajifanya amepata mafua.

Lakini ili uuone moyo huo lazima ufanye jambo moja. Kifaranga huzaliwa na rangi yake, na rangi ni pazia. Kwa hiyo wataalamu hutia dawa katika maji, matone machache, na dawa hiyo humnyima rangi. Hukua akiwa kama kioo. Hana pa kujificha. Chakula chake, damu yake, mapigo ya moyo wake, vyote viko wazi kwa yeyote mwenye lenzi. Sikudhani alikuwa ametia matone hayo mara elfu kadhaa, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna swali lililosimama nyuma yake. Siku hizi lilikuwa limesogea, likimpumulia shingoni: ni nani anayestahili kutazamwa hadi ndani, na ni nani aliyempa mtazamaji rangi ya kujificha?

*

Zamani, alipokuwa angali kijana na mwenye haraka, Jumba la Utafiti lilimtaka aandike mstari mmoja wa kanuni. Ilitakiwa ijulikane ni lini kifaranga anaanza kuwa mnyama, ili kabla ya hapo mtafiti amfanye atakalo bila kuomba ruhusa. Sikudhani alichukua vifaranga wengi, akawachunguza siku hadi siku, akaona kwamba matumbo yao yalikuwa matupu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Waliishi kwa kiini cha yai walichobeba kifuani. Siku ya tano matumbo yalikuwa na chakula. Akaandika: *Kiumbe huhesabiwa kuwa yupo tangu siku ya tano, anapoanza kujilisha.*

Mstari ulikuwa mfupi, safi. Baba yake, Mzee Mwinchande, mchora mabango hodari kuliko wote mjini, alimwambia: "Hii sentensi ina mifupa. Inasimama yenyewe."

Mwaka mmoja uliopita Mji uliichukua. Hakuna aliyemwandikia barua. Alitoka nyumbani asubuhi moja akaikuta ukutani, imefupishwa, herufi zake nyekundu zimesimama urefu wa mtu: ALIYEPO NI ANAYEJILISHA. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maelezo. Mtu yeyote atakayepitisha siku tano bila kupeleka chakula kinywani kwa mkono wake mwenyewe ataondolewa katika Daftari la Waliopo, na atalazwa. Wapi wanalazwa, hapakuandikwa. Mpimaji huja alasiri na bakuli la uji, na ambaye kijiko hakikufika kinywani huondoka naye, amefunikwa shuka, akitembezwa taratibu kwa heshima zote. Hakuna aliyerudi kusimulia.

Na jambo lingine likaanza, ambalo Mji haukulipanga lakini uliona lina faida. Wale waliolishwa na wenzao wakaanza kupoteza rangi. Siku ya kwanza kucha zilikuwa kioo. Siku ya pili viganja. Kufikia siku ya nne ungeweza kukaa mbele ya mtu umpendaye ukayaona mapafu yake yakijaa na kupungua, na kile kidonge cha moyo kikigonga ubavuni kama mtu aliyefungiwa chumbani.

Siku nne zilizopita kiharusi kilimwangusha Mzee Mwinchande akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi.

*

"Daktari," Mbaruku alisema, "dawa ya usingizi iko kando ya kiwiko chako. Ukiisukuma itamwagika."

Ilikuwa hapo kwa sababu kanuni ni kanuni. Vifaranga waliofika siku ya tano lazima walazwe kabla ya adhuhuri, au sivyo watakuwa wanyama, na mnyama anahitaji ruhusa. Mkono wa Sikudhani ulikwisha shika chupa. Mikono hujifunza kazi kisha ikaacha kuomba shauri. Akamimina. Maji yakachanganyika, akainama kwenye hadubini kuhesabu mioyo inavyopungua mwendo, kama ilivyo desturi, kwa maana lazima uandike dakika ambayo moyo wa mwisho ulisimama.

Aliona mioyo. Ikapunguza mwendo. Kisha, chini ya mioyo, ndani ya matumbo ya kioo, akaona kijani.

Alirekebisha lenzi. Kijani. Unga wa mwani, chakula cha vifaranga, umeshuka hadi mwisho wa utumbo, umekwisha kusagwa. Chakula hakishuki hivyo kwa saa moja. Hiki kilikuwa cha jana.

"Mzee Mbaruku. Hawa wamekula lini?"

Mbaruku alisafisha koo. "Jana."

"Jana walikuwa na siku nne."

"Ndiyo."

"Wa siku nne hawali."

"Walikula." Mzee aliinuka kutoka kwenye ndoo, magoti yakalia. "Nilikuwa nawapa wakubwa. Kisahani kilikuwa wazi, vumbi la unga likawaangukia. Nikasema, haya tena, nimeharibu kazi ya watu. Nikainama kutazama. Wakalirukia, Daktari. Wakalirukia kama watu waliokuwa wakilingoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuwahi kuwapa?"

Sikudhani alijaribu kulijibu swali hilo, na katika kujaribu akarudi miaka ishirini, akajiona kijana, mwenye haraka, akipanga ratiba ya jaribio. Mayai hukusanywa siku ya kwanza ya kazi. Siku ya tano chakula kinatiwa kisahanini. Aliwatilia chakula siku ya tano kwa sababu Daktari Jumbe alikuwa akifanya hivyo, naye alifanya hivyo kwa sababu ghala la chakula lilifunguliwa siku hiyo. Matumbo yalikuwa matupu siku nne kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutia tumboni. Hakuna aliyewapa. Alikuwa ameandika juu ya njaa yao akaiita kutokuwepo.

Kisha akakumbuka kwamba dawa ilikuwa ikifanya kazi.

"Maji! Maji safi, upesi!"

Mbaruku alimtupia mtungi. Alimimina kisahani chote kwenye chujio la chai, akasuuza, akasuuza tena, akawarudisha vifaranga kwenye maji mapya na kuinama upesi hata lenzi ikamgonga nyusi. Mioyo ilikuwa imesimama, mia moja na ishirini, kama saa katika duka la fundi. Akangoja. Mmoja ukagutuka. Mwingine. Alihesabu sita, kisha hakuna tena.

"Sita," alisema.

"Sita ni wengi," Mbaruku alisema taratibu. "Ukiwa mmoja wao."

*

Alirudi nyumbani adhuhuri, na barabara haikuwa ile aliyoijia. Au ilikuwa ile ile na yeye ndiye aliyebadilika. Katika Mji huo si rahisi kujua kipi kimesogea. Saa za barabarani zilionyesha siku badala ya saa. Ilisomeka *ya tatu* kwenye nguzo ya sokoni, *ya nne* mbele ya shule, na kila aliyepita aliinua uso akatazama, kisha akatazama vidole vyake. Ukutani sentensi yake ilimfuata. Alipita mbele yake mara tatu, na mara ya tatu ilionekana kama imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa kitoto, aliokuwa nao kabla ya kwenda shule.

*Mimi ndiye niliyeandika. Hapana, aliyeandika alikuwa msichana fulani, simjui vizuri, alipenda sana sentensi fupi. Lakini mkono ni huu. Niutazame. Bado una rangi. Kwa nini bado una rangi? Walionilisha ni wengi. Mama alinilisha. Baba alinilisha, akapuliza kwanza, fuu, fuu. Wakati ule nilikuwa sipo? Na kama nilikuwa sipo, ni nani aliyekuwa akipuliziwa uji?*

*Nitamwambia Mpimaji. Nitasema, sheria ni kosa, mwenye kosa ni mimi. Naye atasema nini? Labda atasema ahsante. Watu waliolazwa wangapi? Usihesabu. Ukihesabu utaanguka hapa barabarani, na wakikuinua watakuuliza umekula lini.*

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi mlangoni kwake akimfunika mumewe kwa kanga tatu, moja juu ya nyingine, na bado kupitia kanga hizo kitu kilionekana kikigonga. Mwanamke alimtazama Sikudhani, akaivuta ile ya juu zaidi. Hakumjua. Sikudhani alitamani amjue, amtukane, amtupie ndala, apumzike.

*

Mzee Mwinchande alikuwa ameegemezwa kwenye mito, shati lake jeupe limefungwa vifungo vyote hadi shingoni kama mtu anayekwenda baraza la Idi. Halikusaidia. Moyo ulionekana kupitia shati, mkubwa, wa kizee, ukipiga na kusita, ukipiga na kusita. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Nusu ya mdomo ilikuwa imeshuka, ila nusu iliyobaki ilikuwa na ulimi mkali wa kutosha nyumba nzima.

"Umekuja kuninenepesha tena," alisema, maneno yakiburuzika. "Siku nne unanishindilia kama jogoo wa sikukuu."

Sikudhani alipiga magoti kando ya kitanda. Hapo ndipo alipokiona kijiko. Kilikuwa juu ya sahani, pale alipokiacha asubuhi, upande wake yeye. Kila mara kilikuwa upande wake. Siku nne alikuwa amekaa hapa akimlisha baba, kwa mapenzi, na kwa haraka ya kuwahi kazini, na kwa hofu ya kuona mkono ule ukishindwa. Hakuwahi kumpa kijiko. Hata mara moja.

Alikuwa amefanya tena kosa lile lile, na safari hii kisahani kilikuwa na mtu mmoja.

"Baba," alisema, "wale samaki walikula siku ya nne."

"Samaki gani?"

"Wa kanuni yangu. Walikuwa hawali kwa sababu sikuwapa. Sentensi ni ya uongo."

Kupitia shati moyo ulisita kwa muda mrefu kuliko desturi yake, kisha ukaendelea.

"Nilizichora kuta arobaini na mbili," alisema mwishowe. "Nyekundu ile niliichanganya mwenyewe. Kila ukuta nilimwambia anayepita, hiyo ni ya mwanangu."

"Najua, baba."

"Kwa hiyo nilichora uongo."

"Ndiyo."

"Herufi lakini zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri sana, baba." Naye akacheka na kulia kwa pamoja, akaficha uso kwenye shuka.

Alipotulia alichukua kijiko akakiweka katika kiganja cha kushoto cha baba yake, mkono ambao haukuwahi kushika hata brashi, akavikunja vidole vya kioo juu yake, kimoja kimoja. "Jaribu. Mpimaji hajafika. Tujaribu mara moja tu."

Mzee Mwinchande alikitazama kijiko, kisha akakiachia, kikaanguka sakafuni kikilia.

"Sifanyi mazoezi ya kuwa mtu," alisema. "Nimekuwa mtu miaka sabini na tisa. Kama hawajaona, wasione."

"Watakuchukua, baba!"

"Usinipigie kelele. Nimekulisha uji wewe, ukanitemea ndevuni, na sikukuuliza kama upo."

*

Mpimaji alifika alasiri, kama ilivyoandikwa. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake limepigwa pasi, na alivua viatu mlangoni akavipanga vizuri, ncha zikitazama nje. Alibeba bakuli lenye kifuniko, kijiko kilichofungwa katika kitambaa, na daftari kwapani. Hakuwa na silaha wala hasira. Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa mtu katili, si kwa adabu ya huyu.

"Shikamoo, mzee wangu," Mpimaji alisema.

"Marahaba," Mwinchande alijibu kwa nusu ya mdomo. "Unamwamkia nani? Mimi sipo."

"Upo hadi jua kutua, mzee." Akaketi kwenye kigoda, akafunua bakuli. Mvuke ulipanda. "Uji wa ulezi. Nimeupoza kidogo."

Sikudhani alijitia nguvu. "Bwana Mpimaji, mimi ndiye niliyeiandika sheria hii."

"Ninakufahamu, Daktari. Ni heshima kubwa."

"Sikiliza basi. Ni kosa. Leo asubuhi nimeona kwa macho yangu. Vifaranga hula kabla ya siku ya tano, wakipewa. Sikuwapa. Ndiyo maana niliona matumbo matupu. Hakuna siku ya tano. Haikuwahi kuwepo. Niliitengeneza mimi kwa ratiba ya ghala."

Mpimaji alimsikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza mashairi. Kisha akakipangusa kijiko.

"Daktari," alisema kwa upole, "unadhani tuliichukua kwa kuwa ilikuwa kweli? Tuliichukua kwa kuwa ilikuwa tayari."

Hofu, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikimtangulia na kumwachia kiti, sasa iliingia mwilini mwake moja kwa moja, ikamjaa hadi kwenye vidole. Alikuwa amedhani ukweli ni mlango. Alikuwa ameubeba toka chumba cha samaki, mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi mbele ya nyumba inayoungua, na sasa aliambiwa kwamba wenyewe ndio waliowasha moto, na walikuwa wakiuota.

"Na wale mliowalaza?" aliuliza kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Hawajalalamika." Mpimaji alifungua daftari. Lilikuwa na safu mbili tu kwa kila jina, amejilisha na hakujilisha. "Tuendelee. Naomba usogee, usimsaidie. Mzee, kijiko hiki hapa. Chukua muda wako."

Akakiweka kijiko ndani ya bakuli, mpini ukielekea kwa Mwinchande.

Mzee alitazama bakuli. Alimtazama Mpimaji. Kisha alimtazama binti yake, ambaye alikuwa amejikunyata ukutani, mikono imefunika mdomo, hajatia kitu tumboni tangu jana, midomo imepauka. Moyo ulionekana ukipiga kwa kasi ndani ya shati. Mkono wa kushoto ukainuka. Ulikuwa wa kioo kabisa, mifupa na mishipa yote iko wazi. Ukakikosa kijiko. Ukakikosa tena. Mara ya tatu vidole vikaufunga mpini.

"Ahaa," Mpimaji alinong'ona, kalamu juu ya safu ya kwanza.

Kijiko kikatoka katika uji. Nusu ilimwagika kwenye shuka. Kikapanda kufikia kifua, kikafika mkabala wa kidevu, kikasimama hapo. Mdomo wa mzee ulikuwa hapo hapo, umbali wa upana wa kiganja. Alichotakiwa ni kuinamisha kichwa.

Hakuinama. Aliupeleka mkono mbele.

"Siku," alimwita binti yake. "Njoo ule. Umekonda."

"Baba, si mimi, baba. Kula wewe. Tafadhali, kula."

"Mkono unachoka, mwanangu."

Alisogea kwa magoti. Angefanya nini? Kijiko kilikuwa kinayumba, na baba hupaswi kumwachia mkono hewani. Alifungua mdomo. Mzee Mwinchande alivuta pumzi, na kwa nusu ile ya midomo iliyomtii akapuliza, fuu, fuu, ingawa uji ulikuwa umekwisha poa, kisha akamtia binti yake kijiko kinywani.

Kalamu ya Mpimaji ilikuwa bado hewani. Aliitazama safu ya kwanza. Aliitazama ya pili. Akafungua nyuma ya daftari penye maelekezo, akasoma kwa kidole, akarudi.

"Hakujilisha," alisema polepole. "Lakini siwezi kusema mkono haukupeleka chakula kinywani. Umepeleka." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza pasi. "Hakuna pa kumwandika huyu. Hili halipo."

"Basi niandike hivyo," Mwinchande alisema. "Mwenye kisichopo."

"Siwezi kumlaza mtu ambaye sina safu yake." Mpimaji alisema hilo kana kwamba anajieleza mbele ya mtu aliye nyuma ya ukuta. Alifunga ukurasa wa mzee bila kuandika kitu. Sikudhani aliona kwamba ncha za vidole vya Mpimaji, pale vilipoishika kalamu, zilikuwa zimeanza kung'aa kama vioo, kama za mtu anayelishwa. Mpimaji naye aliona. Akavificha haraka chini ya daftari. Kisha akafungua ukurasa mpya, mweupe, kwa sababu lazima jioni arudi na jina, na akamgeukia Sikudhani.

"Wewe, Daktari, umelishwa na mkono wa mwingine. Nimeshuhudia." Akameza mate. "Nitaandika jina lako. Siku ya kwanza. Isipokuwa uuteme uji huo sasa, kisha uchukue kijiko mwenyewe. Nitageuza uso. Nitasema sikuona."

Uji ulikuwa mzito ulimini. Alikuwa na njaa kuliko alivyodhani. Mwili wote ulimwambia ateme, miguu ilimwambia, mkono wake, ule uliojua kufanya kazi bila kuomba shauri, ulikuwa tayari umeanza kuinuka kuelekea kijikoni. Akaukalia.

Akameza.

Alisikia kalamu ikigusa karatasi na kuanza kulichora jina lake, herufi baada ya herufi, kwa mwandiko usiokuwa na uzuri wowote. Hakugeuka kutazama. Hofu ilimtetemesha meno, na ndani ya hofu hiyo alifungua mdomo tena, wazi, kama kifaranga.

"Nyingine, baba," alisema.